Ukoka wa Bi Palizi

Kila asubuhi, kabla hajaomba maji ya kunawa wala chai, mama mkwe alikuwa na swali moja tu kutoka kitandani kwake.

"Hatua ngapi?"

Bi Palizi hutoka kwa mlango wa nyuma, tongotongo bado machoni, akaegemeza kisigino kwenye ukuta wa chumba cha mkwewe, akapiga hatua hadi ukingo wa korongo. Zilikuwa hatua za haki, ingawa kuna siku, Mungu amsamehe, alizifupisha kidogo ili zitoke nyingi. Miaka mitatu nyuma pale hapakuwa na korongo la kuhesabia. Mwaka juzi zilikuwa ishirini na mbili. Sasa zilikuwa saba.

"Saba, mama."

"Jana?"

"Saba."

"Ngoja mvua ije," alisema bibi kizee, kisha ndipo akaomba chai.

Najua kuna mjuaji atauliza: kwa nini asihamishwe huyo bibi? Haya, mhamishe wewe. Nyonga ilivunjika alipoanguka uani, mfupa ukaunga upande, na kumgeuza tu ili shuka libadilishwe kulihitaji watu wawili na ukelele uliowasimamisha wapita njia. Halafu si chumba peke yake. Boriti iliyobeba paa zima ililala juu ya ukuta ule ule wa nyuma. Chumba kikienda, nyumba imekwenda, na Bi Palizi hakuwa na nyumba nyingine. Mwaka uliopita kila mvua kubwa ilikula hatua moja au mbili. Piga hesabu mwenyewe.

Jina la Bi Palizi alipewa na majirani, na alilipata kwa jasho. Shamba lake lilikuwa safi kiasi kwamba ukidondosha sindano kati ya mahindi unaiokota bila kuinama mara mbili. Watu walilala, yeye yumo shambani. Watu walikwenda harusini, yeye alikwenda akiwa amechelewa, na udongo kwenye kucha. Na katika magugu yote aliyopigana nayo, adui yake mkubwa alikuwa ukoka.

Anayelima anaujua. Nyasi fupi, nyembamba, sura ya unyenyekevu, lakini chini kwa chini inatambaa kwa kamba zenye vifundo, na kila kifundo ni mmea mpya unaosubiri zamu yake. Ukiukata kwa jembe ukaacha vipande, umeupanda. Ndiyo maana Bi Palizi alikuwa na mtindo wake: anaung'oa na kamba yake nzima, anaukung'uta udongo, pa, pa, pa, kwenye mpini wa jembe, kisha anautandaza juu ya jiwe ukauke hadi ulie. Miaka thelathini mkono ulifanya hivyo hadi ukawa hauhitaji tena kuambiwa na kichwa.

Sehemu moja tu ilimshinda, nayo ni kwa sababu ya mume. Mumewe alikuwa fundi baiskeli, mtu wa maneno machache, na nyuma ya nyumba, pale mteremko unapoanza, alikuwa na mkanda wa ukoka wenye upana wa kitanda, uliokata mteremko toka upande huu hadi ule. Kila mwaka waligombana.

"Huo uache," alisema fundi.

"Niuache ili iweje?"

"Unashika."

"Unashika nini?"

"Unashika tu."

Hayo ndiyo maelezo yake yote! Mtu anaweza kukueleza nusu saa jinsi mnyororo wa baiskeli unavyotoka, lakini kwa jambo la maana anakwambia unashika tu. Bi Palizi alijua ni uvivu wa ukoo ule. Si alikuwa na mfano hai? Mdogo wake fundi, shemeji yake, mji mzima ulimwita Kesho, kwa sababu kila ukimwuliza kazi itafanyika lini jibu lake lilikuwa hilo hilo. Shamba la Kesho lilikuwa aibu. Bi Palizi akipita pale hugeuza uso, na akikutana naye hamkawizi: "Shemeji, shamba lako limefuga nini mwaka huu, nyoka au fisi?"

Kisha fundi akafa. Aliugua kifua wiki mbili, akaenda. Baada ya mazishi, watu walipotawanyika na sufuria za kuazima zikarudishwa kwa wenyewe, Bi Palizi alibaki na nyumba iliyo kimya na mikono isiyo na kazi. Hakulia sana; hakuwa mtu wa kulia. Alichukua jembe akaenda nyuma ya nyumba. Kwa siku sita aling'oa ule mkanda wote, kamba kwa kamba, asije mtu akasema shamba la mjane limeingia majani. Aliukung'uta, akaurundika juu ya mawe kando ya njia, ukaukie huko. Siku ya saba mteremko ulikuwa mweupe kama sakafu iliyofagiliwa, naye akalala usingizi wa kwanza tangu msiba.

Mvua ya kwanza ilichora mstari pale, upana wa kidole. Ya mwaka wa pili ikachimba mfereji wa kumficha mbuzi. Sasa lilikuwa korongo la kumeza ng'ombe. Alitupa mawe, yakasombwa. Alipanga magunia ya mchanga, yakakutwa barabarani kwa watu. Usingizi nao ulimtoka tena. Alizeeka ndani ya miaka mitatu. Magoti yalilia, mgongo ulikataa kunyooka, na uchovu ulimkaa mwilini kama nguo iliyolowa.

Wiki sita kabla ya mvua alikuja bwana shamba na pikipiki yake. Alitazama korongo, akatikisa kichwa.

"Mama, ujenzi wa ukuta hutauweza. Panda majani. Weka vizuizi vya vigingi na matawi humo ndani kupunguza kasi ya maji, halafu pande zote na hapo juu panda nyasi ya kutambaa. Ukoka ungefaa sana. Mizizi yake inakwenda chini kuliko urefu wa mtu, na mbuzi utawakatia humo humo. Viwanja vya mpira unavyoviona vingi ndio huo huo." Akaangalia mteremko mtupu. "Kwani hapa hapakuwahi kuwa na ukoka?"

"Hapakuwa," alisema Bi Palizi.

"Hapakuwa?" Sauti ilitoka dirishani, kavu, ya mtu aliyelala lakini masikio yako macho. Bwana shamba aligeuka. Bi Palizi akamsindikiza haraka hadi kwenye pikipiki.

Aliporudi ndani, mama mkwe alimtazama tu. Hakumsimanga. Bora angemsimanga.

Kulikuwa na ukoka mwingi mahali pamoja karibu: kwa Kesho. Lakini jamani, aende kwa Kesho? Yeye? Akaombe magugu kwa mtu ambaye yeye mwenyewe amemcheka miaka yote mbele za watu? Badala yake aliamka alfajiri, akaenda kando ya uwanja wa shule na jembe na gunia, akachimba ukoka wa ukingoni hadi mlinzi wa shule alipotokea na kumwuliza kama amerukwa na akili. Alipata gunia moja limejaa. Alifika nyumbani, akachimba mitaro midogo ya kukata mteremko kama alivyoelekezwa, jua likapanda, mgongo ukamwaka, na adhuhuri akapanda kamba zake zote kwa mstari ulionyooka kuliko wa mtu yeyote. Akazimwagilia asubuhi na jioni, ndoo kumi na mbili kutoka bombani, siku kumi na nne.

Haikuota hata moja.

Aliviokota vipande vile vikavu, rangi ya ufagio wa zamani, akasimama navyo mkononi. "Miaka thelathini nakuua, hufi," aliuambia. "Leo nakubembeleza, unakufa! Una roho ya nani wewe?"

"Ulipouchimba," mama mkwe aliita kutoka dirishani, "uliuweka wapi ulipokuwa unachimba mitaro?"

Bi Palizi alikumbuka. Alikuwa amemimina gunia, akachukua kamba moja moja, pa, pa, pa, kwenye mpini, udongo wote ukatoka, kisha akazitandaza juu ya jiwe kubwa, vizuri, bila kurundika, jua lote la asubuhi lizipate. Saa nne nzima. Hakuna aliyemtuma. Mkono ulifanya kazi yake.

"Juu ya jiwe," alisema.

Bibi kizee alicheka hadi akakohoa, na kicheko chenyewe kikamwumiza nyonga, akawa anacheka huku anaguna. Bi Palizi alikaa kwenye kizingiti. Hakucheka. Wiki mbili zilikuwa zimeliwa, mlinzi wa shule alikuwa ameshaziba ile njia kwa miiba, na mawingu yalianza kukusanyika mchana halafu yanatawanyika, kama watu wanaojaribu mlango.

"Mkono usioweza kuukata, ubusu," alisema mama mkwe alipotulia. "Nenda kwa mwanangu."

Akaenda. Njiani alijitengenezea maneno ya kuanzia, na yote yalimkwama. Kesho alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba yake inayovuja, anakunywa chai ya saa nne saa tano. Alimwona, akasimama.

"Shemeji! Kuna usalama? Mama vipi?"

"Mama mzima. Nimekuja..." Akakitazama kikombe cha chai. "Nimekuja kuomba ukoka."

Kesho akaweka kikombe chini polepole. "Ngoja kwanza. Ngoja niite mashahidi."

"Shemeji, sina nguvu za mzaha."

Alimtazama vizuri, akaona kweli hana. Mzaha ukamtoka. "Tuchukue kesho?"

"Leo!"

"Haya, leo. Leo."

Walizunguka nyuma ya nyumba. Shamba lilikuwa kama Bi Palizi alivyolijua: mihogo michache imesimama katikati ya majani, na chini zulia la ukoka, kijani hata kwa kiangazi kile. Aliinua jembe. Kesho akamshika mkono.

"Taratibu. Unapanda, hupalilii. Inua na bonge lake la udongo. Hapana, hapana, usiukung'ute! Shemeji, huo mkono wako ufunge kamba. Weka gunia lililolowa kivulini, hapo. Kamba nene, zilizokomaa, si hizi nyororo. Utakata kila moja vifundo vitatu au vinne. Viwili vilale chini, kimoja kichungulie. Na usichimbe gunia la pili kabla la kwanza halijapandwa."

Bi Palizi alikuwa hajawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kuhusu kazi yoyote. Alifanya alivyoambiwa. Walichimba kutoka chini kuelekea juu, na walipofika juu kabisa, jicho lake, jicho la mpaliliaji, lilikwama. Huku chini ukoka ulikuwa umetapakaa ovyo. Lakini pale juu, kwenye ukingo, ulikuwa na mizizi minene ya zamani, na mizizi ile ilikuwa kwenye mistari. Miwili. Imenyooka.

"Huu umepandwa," alisema.

Kesho alikuwa anafunga gunia. Hakuinua kichwa.

"Shemeji, huu umepandwa kwa mstari. Nani kaupanda?"

"Mimi."

"Wewe? Kupanda? Tena ukoka?"

"Ule wa kaka," alisema Kesho. "Wiki ile baada ya mazishi. Uliurundika juu ya mawe kando ya njia. Nilipita na baiskeli, nikakuta wa chini bado mbichi, nikaokota gunia moja."

Bi Palizi aliugusa mstari ule kwa vidole.

"Kaka aliutafuta mbali ule, unajua? Ile mvua iliyobomoa jiko lenu, kabla hujajifungua wa kwanza. Alisafiri nao kwenye kapu la baiskeli siku nzima, kila kijito anashuka anaulowesha. Mimi nilimcheka." Alikaza fundo la gunia, akalikaza tena bila sababu. "Nguo zake mligawana. Redio walichukua watoto. Vyombo vya ufundi uliuza, ulikuwa na haki. Mimi nikabaki bila kitu cha kwake. Nikaona basi, ukoka."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Ungesema Kesho kapata kisingizio cha kutopalilia." Akatabasamu kidogo. "Na kweli, nilikuwa nacho."

Bi Palizi alikaa chini pale pale, juu ya majani aliyokuwa akigeuza uso asiyaone, akalia. Alimlilia fundi kwa miaka mitatu aliyokuwa hajamlilia, na alilia kwa hasira pia, hasira ya kujua kwamba alimcheka mtu barabarani, mbele za watu, kwa kutunza kitu ambacho yeye mwenyewe alikitupa. Kesho hakumbembeleza. Alikwenda kuleta maji, akachelewa kurudi kama kawaida yake, na safari hii kuchelewa kwake kulikuwa adabu.

Walipanda siku nane. Kesho alifika kila siku saa nne badala ya kumi na mbili, lakini alifika. Walipiga vigingi ndani ya korongo, wakasuka matawi kati yake, ngazi baada ya ngazi. Juu yake mistari saba ya ukoka ikikata mteremko, na wa kwanza kabisa ukawekwa pale pale ulipokuwa mkanda wa fundi. Alasiri, jua likipungua makali, ndipo walipopanda, wakikandamiza kwa kisigino, wakimwagilia kabla ya kunawa. Walizungushia miiba kwa ajili ya mbuzi wa jirani. Siku ya kumi na moja Bi Palizi aliona ncha ya kijani, ndogo kama sindano ya kushonea. Alipiga magoti kuitazama na magoti yakagoma kumwinua, ikabidi amwite Kesho aje amnyanyue.

Mvua ilikuja mapema kwa siku tano. Ilianza saa tisa mchana, kubwa, bila salamu. Mama mkwe aliamuru dirisha liachwe wazi, alowe tu, anataka kuona. Basi wakakaa watatu chumbani mle: bibi kitandani, Kesho kwenye ndoo iliyogeuzwa, Bi Palizi amesimama ameshika ukuta, kana kwamba atauzuia yeye. Maji ya kahawia yalishuka mteremko. Yalifika kwenye mstari wa kwanza, yakasita, yakatanuka. Mstari wa nne ukang'oka wote mbele ya macho yao, ukaelea, ukaenda.

"Ee Mungu," alisema Bi Palizi.

"Tulia," alisema Kesho. "Bado sita." Lakini alikuwa amesimama.

Kisha bonge la ukingo lilianguka kwa kishindo, na kikombe kilichokuwa juu ya meza kikalia. Waliendelea kutazama hadi mvua ilipokatika. Bi Palizi alitoka, miguu ikizama, akaweka kisigino ukutani, akapiga hatua. Alirudia mara mbili.

"Sita, mama."

"Moja imekwenda," alisema bibi kizee.

"Imekwenda."

Siku iliyofuata, alasiri, walipanda upya mstari wa nne, kwenye matope, Bi Palizi akiwa na homa. Mvua ikanyesha tena usiku ule, na baada ya siku mbili tena, na wiki iliyofuata mara nne. Aliamka kila alfajiri, akatoka, akahesabu.

Msimu wa mvua ulipofika katikati, asubuhi moja alipokuwa akirudi kutoka ukingoni, aliona kamba ya ukoka imevuka mpaka, imeingia kwenye mahindi yake. Mkono ulikwenda wenyewe. Uliing'oa, ukauelekea ule mpini wa jembe ulioegemea ukuta, na hapo Bi Palizi akausimamisha. Akaibeba kamba ile na bonge lake la udongo, akairudisha mteremkoni, akaifukia vifundo viwili, akakandamiza kwa kisigino. Mahindi yalikuwa yamezongwa na magugu mengine hadi magotini. Hakuwa amewahi kuyaona hivyo tangu aolewe.

"Hatua ngapi?" sauti ilimfikia kutoka dirishani.

"Sita, mama."

"Jana?"

"Sita."

"Juzi?"

"Sita. Tangu mvua ile ya kwanza ni sita."

Alipoingia ndani, bibi kizee alikuwa amegeuza uso kuelekea mteremko, unaoonekana wote kijani sasa kutoka pale kitandani.

"Kwa hiyo unashika," alisema.

Bi Palizi alifungua mdomo amweleze: mizizi, mitaro, vigingi, maji kupunguzwa kasi, yote aliyofundishwa na bwana shamba na Kesho. Alikuwa anayajua vizuri. Lakini alikuwa amechoka mno.

"Unashika tu, mama," alisema.

Wakatazamana. Kisha akatandika mkeka chini, kando ya kitanda cha mkwewe, akajilaza na matope yake miguuni, jua likiwa limeshachomoza na palizi ikimsubiri nje, akalala. Mama mkwe hakuomba chai. Alingoja hadi saa sita, Kesho alipotokea, akaweka kidole mdomoni kumwambia asifanye kelele.